Ivan Naymushin: mukubwa wa shantie aliyefunga mto Angara na kuacha muji wa Bratsk

Juma hili katika maisha ya watu waliojulikana tunaenda mbali, tena kwenye baridi kali: Siberia, inchi ya Urusi. Kule kuko muji unaitwa Bratsk. Ni muji wa viwanda, wakaaji wake ni zaidi ya laki mbili, na usingekuwako vile ulivyo leo kama si baraji moja ya umeme. Mtu aliyesimamia ile kazi tangu siku ya kwanza mpaka kufa kwake aliitwa Ivan Ivanovich Naymushin. Huku kwetu jina lake halijulikani. Kule kwao limeandikwa kwenye vibao vya barabara.

Kwanza tuone ukubwa wa kitu chenyewe, sababu bila hivyo mtu hataelewa kwa nini tunapoteza wino juu yake. Baraji ya Bratsk ina mashine 18 na nguvu ya megawati 4500. Inga 1 na Inga 2 zetu ukizijumlisha, kwa makaratasi, zinafika karibu megawati 1775. Ukuta wa betoni unaokata mto una urefu wa meta 924, na kwenda juu ni karibu meta 125. Ziwa lililojaa nyuma yake lina upana wa kilomita za mraba 5470, yaani ziwa Kivu mara mbili. Na yote hiyo ilianza kwa mahema.

Naymushin alizaliwa mwaka 1905. Alikuwa mtoto wa karibu miaka 12 wakati mfalme wa Warusi alipoangushwa na Wabolsheviki kushika utawala. Kizazi chake kilikulia katika wazo moja: kwamba umeme ndio utaitoa ile inchi ya wakulima kwenye giza. Lenin mwenyewe alikuwa amelifanya jambo la umeme kuwa mupango wa serikali tangu 1920, na mabaraji yakaanza kupanda kwenye mito, mmoja baada ya mwingine. Naymushin aliingia katika kazi hiyo na akabaki humo. Kabla ya Siberia aliongoza ujenzi wa baraji kwenye mto Kama, katika muji uliokuwa unaitwa Molotov, leo Perm. Kwa hiyo mwaka 1954 walipomtuma Bratsk hakuwa kijana wa kujifunzia. Alikuwa na karibu miaka 49.

Tuseme kidogo juu ya mahali penyewe. Mto Angara unatoka katika ziwa Baikal, ziwa lenye kina kuliko yote duniani, na ndio mto peke yake unaotoka humo. Mito mingine mamia inaingia. Kwa sababu hiyo Angara haipungukiwi na maji kama mito mingine: Baikal ni kama pipa kubwa linalomimina sawasawa, masika na kiangazi. Tena kutoka Baikal mpaka inapokutana na mto Yenisei inashuka zaidi ya meta 300. Maji mengi, ya kudumu, yanayoshuka sana. Kwa mwinjinia wa umeme hiyo ni mali iliyolala njiani. Na penye maporomoko ya Padun, mto ulibanwa kati ya majabali mawili ya mawe magumu. Pale njo walichagua.

Lakini pale hapakuwa pori tupu, na hili watu wengi walioandika sifa za Bratsk wamelipita haraka. Ngome ya Warusi ilijengwa upande huo tangu 1631, walipokuwa wanaingia katika inchi ya Waburyati, na jina la Bratsk linatokana na namna Warusi walivyowaita Waburyati hao. Kwa bahati linafanana na neno lao la ndugu. Katika ngome hiyo ndimo padri Avvakum, mtu mwenye kichwa kigumu aliyekataa mabadiliko ya kanisa, alifungwa wakati wa baridi miaka ya 1650. Kando ya mto kulikuwa vijiji vya wakulima, visiwa vyenye udongo mzuri, makaburi ya miaka mia tatu.

Na kulikuwa jambo jingine, la karibu zaidi. Reli iliyofikisha vifaa vya Naymushin Bratsk ilikuwa imejengwa na wafungwa. Ni ile reli inayotoka Taishet kwenda mto Lena. Waliofanya kazi humo walikuwa wafungwa wa kambi za Stalin, pamoja na mateka wa vita, Wajerumani na Wajapani. Wengi walibaki humo, chini ya udongo. Stalin alikufa mwaka 1953, kambi zikaanza kufunguliwa, na serikali ikataka kazi kubwa za namna mpya, za vijana wanaokuja kwa hiari yao. Bratsk ikawa mfano wa kuonyesha. Vijana walikuja kweli, kwa maelfu, na bidii yao haikuwa ya uongo. Lakini treni waliyopanda ilipita juu ya kazi ya wafungwa, na mwandishi wa habari hawezi kuliruka hilo.

Mwezi wa 9 mwaka 1954 serikali ya Moscow iliamua ujenzi uanze. Kampuni ya kazi ilipewa kwanza jina refu la Nizhneangargesstroy, baadaye ikawa Bratskgesstroy, na jina hilo likabaki. Naymushin akawa mukubwa wake. Watu wa kwanza walifika mwisho wa mwaka huohuo, yaani katikati ya baridi. Nyuzijoto zinashuka pale chini ya sifuri mpaka 40 na kupita. Walilala katika mahema, na hema katika baridi ile si mchezo: jiko linawaka usiku kucha, upande mmoja wa mwili unaungua na upande wa pili unaganda. Kiangazi kikifika, baridi inaondoka na wanakuja wadudu wadogo wanaozaliwa katika maji yanayokimbia. Wanaingia puani, machoni, katika mikono ya shati. Watu walifanya kazi wamevaa neti usoni.

Mwezi wa 12 mwaka 1955, wakati sehemu kubwa ya watu walikuwa bado katika mahema na mabaraka ya mbao, Bratsk ilipewa tayari cheo cha muji. Kwa makaratasi muji ulitangulia nyumba.

Umeme wa kujengea baraji ya umeme ulitoka wapi? Mwanzoni kwa mashine za mazuti. Halafu laini ya nguvu ilivutwa kutoka Irkutsk, ambako baraji nyingine ndogo ilikuwa imeanza kutoa umeme kwenye mtoni huohuo wa Angara. Laini hiyo ilipita msituni zaidi ya kilomita 600 na kufika mwisho wa mwaka 1957. Njo hapo shantie ilipata pumzi.

Sasa tufike kwenye jambo lililomfanya Naymushin ajulikane kwa wajenzi wa inchi nzima. Kufunga mto kwa kawaida ni kazi ya wakati maji yamepungua. Lakini Angara, kama tulivyosema, haipungui. Na kungoja kiangazi ni kupoteza miezi mingi kila mwaka. Naymushin na mwinjinia wake mkuu, Aron Gindin, walichukua njia ya kinyume: walitumia baridi yenyewe. Mto ukishaganda, barafu inakuwa nene kiasi cha kubeba magari. Basi barafu ikawa uwanja wa kazi. Watu walikata matundu ndani yake, wakajenga hapohapo masanduku makubwa ya magogo, wakayashusha mpaka chini kabisa na kuyajaza mawe. Tarehe 30 mwezi wa 3, 1957, upande wa kuume wa mto ulifungwa kutoka juu ya barafu. Wakati huo juu ya majabali ya pande mbili kulikuwa vijana wamening'inia kwa kamba, wanaondoa mawe yaliyolegea ili yasiwaangukie wenzao. Mtu mmoja akikosea chini kuna mto, akikosea juu kuna mwamba.

Naymushin alikuwa mkubwa wa namna gani? Kazi yake inamwonyesha kuliko sifa. Alikaa palepale miaka 19. Wakubwa wengi wa shantie za Wasovieti walikuwa kama mafundi wa kuitwa: unajenga, unapata nishani, unapelekwa kwingine, na watu wako wanatawanywa. Yeye alikataa kuvunja kundi lake. Kila kazi ilipokaribia kuisha alitafuta nyingine ya kuwaweka watu pamoja. Kampuni yake ilijenga baraji, halafu viwanda, nyumba, shule, barabara, mpaka ikawa kama serikali ndogo ndani ya serikali, na makumi ya maelfu ya watumishi.

Hatari kubwa haikutoka kwa mto, ilitoka Moscow. Mwezi wa 8 mwaka 1958, Khrushchev, mukubwa wa inchi, alikwenda kufungua baraji kubwa kwenye mto Volga. Watu walitegemea asifu mabaraji. Badala yake alieleza kwamba mabaraji yanakula pesa na wakati mwingi, na kwamba viwanda vya umeme vya makaa na gazi vinajengwa haraka zaidi, kwa hiyo vipewe nafasi ya kwanza. Fikiria uko Bratsk siku hiyo. Umefunga nusu ya mto, una maelfu ya watu katika mabaraka, na mkubwa wa wakubwa anasema hadharani kwamba kazi ya namna yako inaweza kungoja.

Bratsk haikusimamishwa. Tarehe 19 mwezi wa 6, 1959, mto wote ulifungwa, safari hii wakati wa kiangazi, kwa magari makubwa yanayomwaga mawe majini moja baada ya lingine. Mwezi wa 10 wa mwaka huo Khrushchev mwenyewe alifika Bratsk kuona, na Naymushin akawa na kitu cha kumwonyesha: mto uliokwisha kukatwa, na ukuta unaopanda. Mutu hasimamishi kwa urahisi kitu kilichofika pale. Kwa maoni yangu mimi ninayeandika, ile haraka ya kufanya kazi juu ya barafu ndiyo iliyookoa baraji ya Bratsk kuliko barua yoyote ambayo ingeandikwa.

Tarehe 28 mwezi wa 11, 1961, mashine ya kwanza ilianza kutoa umeme. Kufika 1966 zote 18 zilikuwa zinazunguka, na mwezi wa 9 mwaka 1967 tume ya serikali ilipokea kazi rasmi. Kwa miaka kadhaa ile ilikuwa baraji yenye nguvu kuliko zote duniani, mpaka nyingine ya huko huko Siberia, ya Krasnoyarsk kwenye mto Yenisei, ilipoipita. Naymushin alipewa cheo cha Shujaa wa Kazi ya Kijamaa. Wageni walimiminika. Fidel Castro wa Cuba alipita Bratsk mwezi wa 5 mwaka 1963. Mshairi Yevtushenko alitoa mwaka 1965 shairi refu lenye jina la baraji hiyo, na tangu hapo Warusi ambao hawajawahi kuona Siberia walijua Bratsk.

Lakini maji hayapandi mahali patupu.

Ziwa lilianza kujaa 1961 na likachukua miaka mpaka 1967. Zaidi ya vijiji 100 vilikuwa njiani, na watu waliohamishwa ni makumi ya maelfu. Namna ilivyofanyika ni hivi: nyumba za Siberia ni za magogo, kwa hiyo nyumba nzuri ilivunjwa gogo kwa gogo, ikaandikwa alama, ikabebwa mpaka mlimani na kusimamishwa tena. Ile mbovu ilichomwa moto. Kila kitu kilichobaki chini kilipaswa kuondolewa ili kisielee: nyua, mabanda, miti ya kijiji. Makaburi mengine yalifukuliwa, mengine yaliachwa. Misitu mikubwa ilipaswa kukatwa kabla ya maji, wakashindwa na muda, na mamilioni ya meta za ujazo za mbao yakazama yakiwa yamesimama. Miaka mingi baadaye magogo yalikuwa bado yanaibuka na kuelea.

Bratsk ya zamani yenyewe ilizama, na sehemu ya ile reli ya wafungwa pia. Mnara mmoja wa ngome ya zamani ulisafirishwa mpaka Moscow na kuwekwa katika makumbusho ya Kolomenskoye.

Mkulima aliyekuwa analima kwenye kisiwa alipewa nyumba mahali pa juu, kwenye udongo wa msituni usiozaa vizuri, na kazi ya kukata miti. Hakuwa mkulima tena. Mwandishi Valentin Rasputin, aliyezaliwa 1937 na kukulia kijiji cha Atalanka kando ya Angara, aliona kijiji chake kikihamishwa hivyo. Mwaka 1976 alitoa kitabu juu ya kisiwa kinachongojea maji na mabibi wazee wanaokataa kuondoka. Naymushin alikuwa amekwisha kufa, hakukisoma. Na si yeye aliyeamua vijiji vizame, uamuzi ulitoka juu. Lakini kila meta ya ukuta aliyoipandisha haraka ilipunguza siku za watu wa chini kukusanya vitu vyao, na sioni namna ya kusifu haraka ile bila kuandika hili.

Kulikuwa na tatizo lingine, la kuchekesha kama lisingekuwa la pesa nyingi. Umeme ulitangulia, watumiaji hawakuwapo. Mashine zilizunguka lakini viwanda vilivyopangwa kula umeme wake vilikuwa bado kwenye karatasi au katika matope. Baraji kubwa kuliko zote ilifanya kazi miaka ya kwanza chini ya nguvu yake. Hapo kundi la Naymushin lilikuwa na kazi mpya mkononi. Likajenga kiwanda kikubwa cha mbao na karatasi, kilichoanza mwaka 1965. Likajenga kiwanda cha aliminiumu, kilichotoa chuma chake cha kwanza mwaka 1966 na kuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Aliminiumu ni ile ya sufuria zetu. Kuitengeneza kunahitaji umeme mwingi ajabu, usiokatika, ndiyo maana viwanda vyake vinafuata mabaraji kama ng'ombe wanavyofuata mto.

Na muji? Hapa njo kazi ya Naymushin inaonekana mpaka leo kwa macho, kwa uzuri na kwa ubaya. Mahema yalikuwa karibu na shantie, kila shantie na kambi yake. Kambi zikawa mabaraka, mabaraka yakawa magorofa. Hakuna aliyekaa na kupanga muji mmoja. Bratsk ya leo ni mitaa iliyotawanyika: Energetik na Padun karibu na baraji, Gidrostroitel upande wa pili wa mto, na mtaa wa Katikati, ambao umekaa mbali sana, kama kilomita 30, karibu na viwanda. Kati ya mtaa na mtaa ni msitu na maji. Mtu anapanda basi kwenda muji wake mwenyewe kama anayesafiri. Mwaka 1970 wakaaji walikuwa karibu 155.000, na mwaka 1989 walipita 255.000.

Naymushin hakuufikia wakati huo. Tangu miaka ya 1960 watu wake walikuwa wameshaanza baraji ya tatu ya Angara, Ust-Ilimsk, chini zaidi kwenye mto, katika msitu ambao haukuwa na barabara. Alikuwa na karibu miaka 68, umri ambao wengine wanakaa kwenye bustani. Yeye alikuwa bado anaruka kwa ndege kati ya shantie na shantie. Mwezi wa 9 mwaka 1973 helikopta aliyopanda ilianguka na akafa. Alizikwa Bratsk. Mashine ya kwanza ya Ust-Ilimsk iliwaka tarehe 28 mwezi wa 12 mwaka 1974, mwaka mmoja na miezi mitatu baada yake. Bratsk ina barabara ya Naymushin, na Ust-Ilimsk ina yake.

Deni la viwanda lilikuja kudaiwa baadaye. Moshi wa aliminiumu unabeba floridi, na misonobari iliyozunguka kiwanda ilianza kukauka, eka kwa eka. Kiwanda cha karatasi kilileta harufu ya mayai mabovu ambayo upepo ukigeuka inaingia mpaka jikoni. Wakaaji wa Chekanovsky, makazi yaliyokuwa karibu na kiwanda cha aliminiumu, walihangaika miaka mingi wakidai kuondolewa, na mwisho wakahamishwa. Kwa hiyo muji ulioanza kwa kuhamisha watu juu ya maji ulikuja kuhamisha wengine juu ya moshi.

Baraji yenyewe ingali inafanya kazi. Reli ilipozama waliihamishia juu ya ukuta, na leo treni za abiria na za mizigo zinazokwenda upande wa mto Lena zinapita palepale juu, polepole. Abiria akitazama upande mmoja anaona mto ukitoka chini kwa povu. Upande wa pili ni maji yaliyotulia, mapana, hayaonyeshi kitu.